Je, Wajua Mwisho wa Wakati Umo Ndani ya Shimo Jeusi?

Mwulize mwanafunzi wa sekondari pale Kitengela, Kaunti ya Kajiado, shimo jeusi ni nini. Aghalabu atakwambia ni domo la angani linalofyonza kila kitu, na katikati yake pana nukta yenye uzito usio na kikomo. Kakosea mara mbili, na kosa la pili ndilo linaloudhi zaidi.

La kwanza halina kazi. Jua letu lingebadilishwa ghafla na shimo jeusi lenye tungamo lile lile, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, ila katika giza na baridi.

La pili linataka subira. Kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein, nafasi na wakati vimefumwa pamoja, na tungamo huvipinda. Anayevuka mpaka wa shimo jeusi lisilozunguka hukutwa na jambo la ajabu: upande wa kuelekea ndani hugeuka kuwa upande wa wakati ujao. Singulariti, yaani huo mwisho wa wakati unaodhaniwa kuwa nukta, basi haimngoji mahali fulani, inamngoja baadaye. Aliyeko Kitengela leo hawezi kuikwepa kesho kwa kupanda matatu ya Namanga, na aliyemo humo hawezi kuikwepa singulariti kwa kuwasha injini za chombo chake.

Hata muda aliobakiza una ukomo unaokokotoleka. Katika shimo lenye tungamo la majua 21, haufiki nusu ya milisekunde. Katika lile la katikati ya galaksi yetu, lenye tungamo la majua takriban milioni 4, ni kama dakika moja tu.

Kisha? Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba nyota ikiporomoka kupita kiasi fulani, kuna njia za mwanga zinazokatika. Hakudai kuna nukta nzito. Alionyesha kuwa nadharia yenyewe inafika ukingoni. Mwaka 1970, yeye na Stephen Hawking wakaipanua hoja hiyo: historia ya ulimwengu unaotanuka, ukiirudisha nyuma, nayo hukatika.

Hiyo ilikuwa nadharia; ushahidi wa angani nao ulikuwa njiani. Mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei za angani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1 katika kundinyota la Dajaja, kilimetameta kwa vipindi vya chini ya sekunde moja, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Muda si mrefu wanaastronomia wakapima nyota inayozungukana nacho kila siku 5.6, wakaona ni kizito mno kuwa nyota ya neutroni. Ndilo lile shimo la majua 21. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Penrose akaipata 2020. Nasi Wakenya tunaijua Desemba 12 kwa gwaride na hotuba tu. Ni aibu.

Matumizi? Singulariti haina. Nadharia iliyoizaa ndiyo husahihisha saa za setilaiti za GPS kwa maikrosekunde 38 kila siku, na hivyo kuiweka sawa ramani ya simu ya mwendesha bodaboda. Pia hutumika kukadiria umri wa ulimwengu na kusoma mawimbi ya mvutano.

Katikati ya galaksi yetu, lilipo lile shimo la majua milioni 4, iko upande wa kundinyota la Mshale, juu kusini, jioni za Julai na Agosti. Kule Kitengela, taa zinazomwaga mwanga juu zimeifuta Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru ya galaksi yetu. Kwenye mbuga za kuelekea Magadi bado inaonekana wazi. Wenye viwanda na majumba, tafadhali, funikeni taa zenu zimulike chini. Na walimu wa Kajiado, wapelekeni watoto nje usiku kabla anga hiyo nayo haijapotea.