Amortisere za gari iliyoinuliwa: pima kwanza, nunua baadaye

Ndugu wanachama wa koperative, mimi ni mtu wa mbegu na udongo. Lakini msimu uliopita viazi vingi nilivyoona vimeoza ku depo havikuwa na ugonjwa wowote wa shamba. Vilikuwa vimepigwa njiani. Kiazi kikigongana na kingine saa nne nzima ndani ya gari, ngozi inachubuka, na pale penye kidonda njo uozo unaingilia. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya gari.

Koperative moja ninayoisaidia kule Kalehe iko na pikapu ya Land Cruiser inayoshusha viazi kutoka Numbi mpaka Nyabibwe, kando ya ziwa. Wenye wanajua ile njia hawahitaji maelezo. Juu ya mawe na matope, kamati iliamua kuinua gari. Fundi akaweka malame mapya yenye mkunjo mkubwa zaidi, gari ikapanda sentimetre 5. Vizuri. Shida ilianza siku ya kubadilisha amortisere, zile ndugu zetu wa Kenya na Tanzania wanaita shokomzoba.

Mara ya kwanza walinunua kwa kutaja jina la gari na mwaka wake. Muuzaji akatoa zile za kiwandani. Baada ya wiki chache, ya nyuma kushoto ikachomoka mahali pa kichwa chake. Mara ya pili nilikuwa pale gareji mimi mwenyewe, na fundi akaniambia: «Injenieri, tuchukue ndefu. Gari imepanda, ndefu njo iko mzuri.» Nikakubali, na kosa lile ni langu pia. Safari ya tatu, gari ikiwa imejaa magunia, iliingia mu shimo karibu na daraja, amortisere ikagonga mwisho wake, ikang'oa kipande kinachoishikilia ku shasi. Viazi vililala pale siku mbili chini ya mvua. Pesa ya jozi mbili ilikwenda, pamoja na sehemu ya mavuno ya wanachama ambao hawakuulizwa kitu.

Juu ya nini ya kwanza ilikufa kwa ufupi, na ya pili ikafa kwa urefu? Amortisere haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na malame, ao na resore kama gari yako iko nazo mbele. Kazi ya amortisere ni kutuliza: lame ikiruka, mafuta ndani ya bomba yanapita kwa shida mu vitundu vidogo, na ule mruko unakufa. Kwa hiyo gari ikikaa chini sana nyuma wakati imebeba, usinunue amortisere «ya nguvu» ukifikiri itainua. Angalia malame, ao punguza magunia.

Sasa, ponti ya gari inatembea kati ya mipaka miwili. Juu, inasimamishwa na kile kipande cha mpira kinachozuia isigonge shasi. Chini, gurudumu likining'inia, inasimamishwa na malame yenyewe. Ukiinua gari kwa malame, mpaka wa chini unashuka. Lakini mpaka wa juu haubadiliki! Ule mpira uko palepale ulipokuwa. Hapa njo wengi wanapotea, na mimi nilipotea hapo. Amortisere ya gari iliyoinuliwa inapaswa kufunguka zaidi, bila kuwa ndefu sana wakati imejifunga.

Vipimo vinachukuliwa hivi. Simamisha gari mahali pa sawa, bila mzigo. Toa amortisere ya zamani, kisha pima kutoka katikati ya shimo la bulono ya juu mpaka katikati ya shimo la bulono ya chini. Ile pikapu ilitoa sentimetre 52 nyuma. Kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ponti na mpira: 11. Ondoa 11 ku 52, unabaki na 41. Mpira ukiguswa, amortisere itakuwa na nafasi ya sentimetre 41 tu, na mpira wenyewe unabonyea kidogo. Basi tuliandika: ikijifunga, isizidi 39. Kama amortisere imesimama kwa kuinama sana, hesabu hii inakosea kidogo. Inua ponti kwa jeki mpaka ku mpira, upime moja kwa moja.

Halafu inua shasi mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie, na weka vigogo chini ya shasi kabla mtu hajaingia chini. Jeki peke yake hapana. Pale tulipata 60. Basi ikifunguka ifike 62 hivi. Ya kiwandani ilikuwa inafunguka 56: kila shimo, amortisere njo ilikuwa inavuta uzito wa ponti nzima kama kamba. Ile ndefu ya pili ilikuwa inajifunga ku 44, wakati nafasi ni 41. Hesabu ya mtoto wa shule, lakini hatukuifanya. Mbele fanyeni vilevile, msidhani vipimo ni sawa na nyuma.

Gurudumu likiwa linaning'inia, angalia fleksible ya freni, na kwa upande wa mbele zungusha usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Kama fleksible imekazana, iko fupi. Hiyo ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Ukiisha kuwa na namba zako mbili, nenda nazo sokoni pamoja na metre. Muuzaji akisema «hii inaingia ku Land Cruiser zote», pima mbele yake. Mwambie pia malame mangapi yaliongezwa na gari inabeba kilo ngapi, sababu lame ngumu inarudi kwa nguvu, na amortisere laini haiwezi kuituliza. Lakini msichague ngumu kupita kiasi: gari ikirudi tupu itarukaruka, na ikibeba nyanya itazipiga.

Juu ya aina: kuna ya bomba moja na ya bomba mbili. Ya bomba moja inapoa haraka, lakini pistoni inateleza moja kwa moja ku ukuta wa nje. Jiwe likibonyeza bomba, pistoni inaweza kukwama. Ya bomba mbili iko na ukuta wa ndani unaolindwa. Kwa njia zetu za mawe, mimi nachagua bomba mbili, nene, yenye gesi ya azoti, sababu gesi ile inazuia mafuta kufanya povu yakipata moto. Okazio msinunue. Na yenye gesi isitobolewe wala kuchomelewa kwa moto, hata ikiwa imekufa: ndani kuna presha.

Badilisheni mbili kwa pamoja ku ponti moja, kushoto na kuume. Zenye mipira ku mashimo, bulono zikazwe mwisho kabisa wakati gari imesimama ku magurudumu yake. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejipinda na utapasuka mapema.

Baada ya safari ya kwanza yenye mashimo, shoferi aguse mabomba yote manne kwa mkono, polepole asiungue. Yote yawe na moto. Lile lenye baridi halifanyi kazi. Lirudishwe kwa muuzaji siku ileile, pamoja na risiti.