Safari ya Wapenzi wa Sanaa ya Kisasa kuelekea Pwani ya Wabajuni: Namna ya Kuipanga Pale Kitovu Chake Hakifikiki

Ikisiri

Ziara za vikundi vinavyoongozwa na mtaalamu ni sehemu ya kawaida ya ulimwengu wa sanaa ya kisasa. Wasafiri huenda kwenye maonyesho ya Venice, Kassel, Dakar au Sharjah, hukutana na wasanii na hununua kazi zao. Makala hii inaeleza namna ziara ya aina hiyo inavyoweza kupangwa kwa ajili ya pwani ya Wabajuni, kuanzia Kismayu hadi Ras Kamboni kusini mwa Somalia, eneo ambalo kwa sasa haliwezi kupokea kikundi cha wageni bila kuwahatarisha wageni na wenyeji pia. Hoja kuu ni kwamba kutofikika kwa visiwa si sababu ya kuwafuta Wabajuni katika ramani ya sanaa ya pwani. Ziara inaweza kupangwa kuwafuata watu na kazi zao mahali walipo, yaani Lamu na Mombasa, kwa masharti yanayoelezwa hapa.

1.0 Utangulizi

Maonyesho ya Venice yalianza mwaka 1895, documenta ya Kassel mwaka 1955 na maonyesho ya Sharjah mwaka 1993. Kila moja limezalisha safari zake: kiongozi anayejua wasanii, kikundi kidogo, ratiba ya siku chache na mazungumzo katika karakana. Afrika Mashariki nayo imeingia katika mzunguko huo. Mwaka 2022, kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Nairobi, kilishiriki documenta ya 15, na hivyo kuwakumbusha watazamaji wa Ulaya kwamba sanaa ya kisasa yaweza kuwa kazi ya mtaa mzima, si ya msanii mmoja pekee.

Katika mzunguko huo pwani ya Waswahili hutajwa kwa Zanzibar, Mombasa na Lamu. Kaskazini ya Kiunga, ramani ya mwandaaji wa ziara huwa tupu. Utupu huo una sababu za kweli, lakini una gharama pia: jamii isiyotembelewa haionekani, na isiyoonekana hukosa fedha, kumbukumbu na utetezi. Swali linalowakabili watafiti na washauri wa sera ni hili: je, mpango wa ziara unaweza kuiheshimu hatari bila kuisahau jamii?

2.0 Pwani na Watu Wake

Visiwa vya Wabajuni vimepangika kama shanga sambamba na bara, kusini-magharibi ya Kismayu. Vinavyojulikana zaidi kwa makazi ni Koyama, Chovai na Chula. Barani kuna Burgao na Ras Kamboni, kisha mpaka wa Kenya. Wenyewe hujiita pia Watikuu, na lahaja yao, Kitikuu au Kibajuni, ni miongoni mwa lahaja za kaskazini za Kiswahili. Upande wa Kenya, Wabajuni wanaishi Kiunga, Kiwayuu, Faza, Kizingitini na sehemu nyingine za visiwa vya Lamu. Mpaka umewapitia katikati. Jubalandi ilikuwa chini ya Uingereza hadi ilipokabidhiwa kwa Italia kufuatia mkataba wa 1924.

Utafiti juu ya jamii hii haukukosekana. Vinigi Grottanelli alichapisha mwaka 1955 kitabu kuhusu wavuvi hao kwa Kiitaliano. Neville Chittick alikagua magofu ya pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, na Derek Nurse amekusanya msamiati na matini za Kibajuni. Kilichokosekana ni kuendelea. Baada ya dola ya Somalia kusambaratika mwaka 1991, Wabajuni, jamii ndogo isiyokuwa na wanamgambo wa kuilinda, waliporwa na kufukuzwa. Wengi walivuka kwa majahazi hadi Kenya na kuishi katika kambi za pwani zilizofungwa baadaye katika muongo huohuo. Wengine walifika Ulaya, ambako baadhi yao walipimwa lahaja yao ili kuthibitisha kwamba kweli walitoka visiwani. Lugha ikawa hati ya kusafiria.

3.0 Kwa Nini Kikundi Hakipelekwi Kismayu kwa Sasa

Mwandaaji hulazimika kutenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: usalama, bima na athari kwa wenyeji.

Kuhusu usalama, Kismayu ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab kuanzia Agosti 2008 hadi majeshi ya Kenya na washirika wake wa Kisomali walipoingia mwishoni mwa Septemba 2012. Utawala wa Jubalandi uliundwa mwaka 2013. Hata hivyo, Julai 2019 shambulio katika hoteli moja mjini liliua watu 26, na Oktoba 2022 hoteli nyingine ilishambuliwa. Desemba 2024 mapigano kati ya vikosi vya Jubalandi na vya serikali ya shirikisho yalizuka Ras Kamboni. Hoteli ndiyo mahali ambapo kikundi cha wageni hulala, hukutana na kujulikana. Kwa hiyo, kinachofanya ziara iwezekane ndicho hichohicho kinachoifanya ilengwe.

Kuhusu bima, sera nyingi za kawaida za safari hazilipi fidia iwapo msafiri amekwenda mahali ambapo serikali yake imeshauri watu wasiende. Wasafiri wa kikundi kimoja waweza kuwa raia wa nchi tano, na ushauri wa kila nchi ni tofauti. Kanuni inayofaa ni kufuata ushauri ulio mkali zaidi miongoni mwa nchi hizo, kwa kuwa mgonjwa mmoja asiye na bima hugeuka mzigo wa kikundi kizima na wa zahanati ya mwenyeji.

Jambo la tatu ndilo husahaulika. Mgeni anayelindwa kwa bunduki huondoka baada ya siku mbili. Msanii aliyempokea hubaki. Katika mji ambako jamii ndogo haina nguvu ya kisiasa, kuonekana na wageni wenye fedha kwaweza kuleta madai, wivu au tuhuma. Mpango unaopima hatari ya msafiri pekee umepima nusu ya hatari.

4.0 Sanaa ya Kisasa Ipi?

Huenda ikadaiwa kwamba Wabajuni wana urithi, si sanaa ya kisasa. Dai hilo linatokana na kuitazama sanaa kwa kipimo cha ukumbi wenye kuta nyeupe. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila misumari na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulihusishwa sana na mafundi wa pwani ya Wabajuni hadi ulipotoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Leo unajulikana kwa mifano iliyohifadhiwa katika makumbusho. Lakini ufundi wa chombo haukufa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyokusanywa na kupambwa kwa ndala zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Chombo hicho ni uundaji wa jahazi, ni sanaa ya umma na ni hoja ya mazingira kwa wakati mmoja. Mtazamaji aliyezoea maonyesho ya Venice au Kassel hatapata taabu kukielewa.

Vivyo hivyo kwa fani za sauti. Vave za wakulima na kimayi za wanamaji ni tungo zilizofungamana na kazi: kufyeka na kuchoma msitu, kutweka tanga, kungoja upepo. Msanii wa leo anayerekodi sauti hizo kwa wazee walio uhamishoni anafanya kazi ya kisasa kabisa, kwa sababu mada yake ni kupotea kwa mahali. Ziara nzuri humwonyesha msafiri mwendelezo huo badala ya kumgawia urithi asubuhi na usasa jioni.

5.0 Muundo wa Mpango

5.1 Njia. Pendekezo ni safari ya siku tisa: siku mbili Nairobi, tatu Mombasa na nne Lamu. Nairobi huwapa wasafiri muktadha wa sanaa ya kisasa ya Kenya kupitia majumba ya maonyesho na taasisi kama ile ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Mombasa ina Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na familia za Kibajuni zilizohamia humo. Lamu, iliyoingizwa mwaka 2001, ina makumbusho yenye siwa za Pate na Lamu, mafundi wa chombo na wachongaji wa milango. Kuingia Lamu kuwe kwa ndege hadi kiwanja cha Manda. Barabara ya Garsen hadi Lamu imewahi kushambuliwa mara kadhaa, na mashambulio ya Mpeketoni ya 2014 na ya Manda Bay ya Januari 2020 yanaonyesha kwamba hata maeneo jirani yana tahadhari zake.

5.2 Wakati. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huwa na bahari inayofaa vyombo vidogo. Katika miezi ya kusi kali, safari za baharini hupunguzwa. Mwezi wa Ramadhani hauchaguliwi, si kwa kukosa ukarimu bali kwa kuwa mwenyeji hapaswi kulazimika kuandalia wageni mchana. Maulidi ya Lamu, yanayofanyika Mfungo Sita, yana mvuto mkubwa, lakini ni ibada kabla ya kuwa tamasha. Kikundi kitaalikwa au hakitakwenda.

5.3 Ukubwa. Wasafiri wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Karakana ya fundi haichukui zaidi ya hapo, na mazungumzo hugeuka hotuba idadi ikizidi.

5.4 Viongozi wawili. Kiongozi wa sanaa hueleza kazi, na kiongozi wa jamii, anayezungumza Kibajuni, huamua nani atembelewe, saa ngapi na kwa namna gani. Kauli ya huyu wa pili ni ya mwisho pale viongozi wanapohitilafiana, na hilo liandikwe katika mkataba.

5.5 Kumleta msanii badala ya kumfuata. Faza na Kizingitini ziko karibu na Lamu kwa umbali, lakini huenda zisiruhusiwe na bima ya kila msafiri. Hapo msanii hualikwa Lamu kwa nauli, malazi na malipo ya siku za kazi. Malipo hayo yasihesabiwe kuwa posho ya hisani. Ni ujira, na yapangwe katika bei ya safari tangu mwanzo.

5.6 Picha na majina. Miongoni mwa Wabajuni wa Mombasa wapo wenye hadhi ya ukimbizi au jamaa waliobaki visiwani. Idhini ya picha iombwe kwa Kiswahili kabla ya mkutano, si mbele ya kamera, na anayekataa asihitajike kutoa sababu.

5.7 Ununuzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inadhibiti usafirishaji wa vitu vya kale nje ya nchi, na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini hauruhusu biashara ya magamba ya ng'amba. Waelezwe wasafiri mapema wanunue kazi mpya, kwa risiti yenye jina la aliyeitengeneza. Hivyo fedha humfikia msanii, na kitu cha kale hubaki pwani.

6.0 Mapendekezo kwa Watunga Sera

Kwanza, Kenya na Somalia zote ni wanachama wa Mkataba wa UNESCO wa 2003 kuhusu urithi usioshikika, Somalia ikiwa imeuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unaruhusu nchi kuwasilisha urithi kwa pamoja. Ufundi wa chombo na tungo za Wabajuni ni mfano unaofaa, hata kwa nchi mbili zilizofikishana mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa bahari, kesi iliyoamuliwa Oktoba 2021. Bahari iliyogawanywa na majaji bado ina watu wanaoimba wimbo mmoja.

Pili, msanii mkimbizi anahitaji utaratibu mwepesi wa ruhusa ya kusafiri ndani ya nchi kwa ajili ya kazi. Pasipo ruhusa hiyo, kipengele cha 5.5 hubaki maneno matupu kwa yule anayekihitaji zaidi.

Tatu, pawepo vigezo vya wazi vya kuamua lini ziara ivuke mpaka. Vitatu vinapendekezwa: bima ya kawaida iwe inapatikana, msafiri aweze kutembea bila walinzi wenye silaha, na mwaliko utoke kwa Wabajuni wenyewe wa Kismayu na visiwani. Kimoja kikikosekana, vingine viwili havitoshi.

7.0 Hitimisho

Neno “ng'ambo” humaanisha upande wa pili wa maji. Kwa mpenzi wa sanaa kutoka Dar es Salaam au Berlin, Koyama ni ng'ambo. Kwa Mbajuni aliyezeekea Mombasa, Koyama ni nyumbani, na ng'ambo ni hapo alipo. Mpango wa ziara unaojua tofauti hiyo hautawapeleka wageni mahali ambapo wenyeji wenyewe hawajaweza kurudi kwa usalama. Utawaketisha wageni na wenyeji hao palipo salama, utawalipa kwa kazi yao, na utahifadhi kilichosemwa ili siku njia ikifunguka, wa kwanza kuongoza safari ya visiwani wawe ni wale waliokimbia kutoka huko.