Wimbo wa Kikanada ni Upi?

Sisi wanafunzi wa lugha hupenda kusema kwamba lugha ndiyo roho ya taifa. Nimechunguza mfano wa Kanada, nikaona msemo huo hautoshi. Wakanada wengi husema Kiingereza, lugha ileile ya jirani yao mkubwa, Marekani, na nyimbo na filamu za jirani huingia kwao kila siku. Basi wajitambue kwa nini?

Jibu la serikali lilikuwa sheria. Tangu mwaka 1971 redio zilitakiwa zipige asilimia 30 ya nyimbo za Kikanada. Leo redio za biashara hutakiwa asilimia 35 ya muziki unaopendwa. Lakini wimbo wa Kikanada ni upi? Viliwekwa vipimo vinne: mtunzi wa muziki, mwimbaji, mahali pa kurekodi na mtunzi wa maneno. Wimbo ukitimiza viwili, unahesabiwa.

Mwaka 1991 vipimo hivyo viliaibika. Bryan Adams, mzaliwa wa Kingston katika jimbo la Ontario, alitoa albamu iliyopendwa duniani kote. Ila nyimbo zake alizitunga pamoja na Robert Lange, ambaye si Mkanada. Alizaliwa Mufulira, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Katanga. Kwa hiyo muziki na maneno havikuhesabiwa, na albamu ya Mkanada maarufu kuliko wote wakati ule ikaambiwa si ya Kikanada! Kelele zikawa nyingi, na baadaye sheria ikarekebishwa.

Kisa cha pili ni cha televisheni. Mwaka 1980, CBC iliwaomba watengenezaji wa kipindi cha vichekesho cha SCTV waongeze dakika mbili zenye mambo ya Kikanada waziwazi. Rick Moranis na Dave Thomas waliona ombi hilo ni kichekesho tosha. Wakavaa kofia za sufu, wakashika bia, wakajifanya ndugu wawili, Bob na Doug McKenzie, wanaopiga porojo na kumalizia sentensi kwa «eh». Walikusudia kudhihaki, watazamaji wakawapenda, wakajiona ndani yao. Tangu 2020 sanamu yao imesimama Edmonton, mji ambamo kipindi kilirekodiwa.

Upande wa Kifaransa mambo ni tofauti. Redio za Kifaransa hutakiwa asilimia 65 ya nyimbo zinazopendwa ziwe zimeimbwa kwa Kifaransa. Kwa kipimo hicho hakuna anayeuliza mtunzi kazaliwa wapi: sikio linatosha.

Nimejifunza hivi: sheria inaweza kumfungulia msanii mlango wa redio, ila watu ndio huchagua watakachokiita chao, na mara nyingine huchagua mzaha. Sisi tunaodai kila siku kwamba utamaduni wetu ulindwe, tujiulize kwanza swali lililowashinda Wakanada: wimbo wetu ni upi, na nani atakuwa mwamuzi?