Uahirishaji wa ujumbe

Uahirishaji wa ujumbe ni utaratibu katika mifumo ya kompyuta ambapo ujumbe hutumwa sasa lakini hukabidhiwa kwa mpokeaji baada ya muda uliopangwa. Ujumbe unaozungumziwa hapa si meseji ya simu, bali ni taarifa ambayo programu moja huipelekea nyingine kupitia programu ya kati iitwayo wakala wa ujumbe.

Mfano wa kawaida ni duka la mtandaoni. Mteja akiweka oda bila kulipa, bidhaa hushikiliwa kwa ajili yake, na programu ya duka hutuma ujumbe wa kuikagua oda hiyo baada ya dakika 30. Muda ukifika na malipo hayajaingia, oda hufutwa na bidhaa hurudi sokoni. Programu ya duka ingeweza kusubiri yenyewe, lakini ikizimika husahau yote iliyokuwa ikiyasubiri, na bidhaa hubaki imeshikiliwa bila mnunuzi. Wakala huweza kuutunza ujumbe kwenye diski, hivyo ukabaki salama hata umeme ukikatika.

Namna ya kutekeleza

Katika lugha ya Java, toleo la 2.0 la Java Message Service (2013) liliweka muda wa kuchelewesha, unaohesabiwa kwa milisekunde. Muda huo ni wa chini kabisa: ujumbe hautafika kabla yake, lakini unaweza kufika baadaye, hasa foleni ikiwa ndefu. Kwa hiyo haufai kutumiwa kama saa ya kengele.

Watumiaji wa RabbitMQ mara nyingi hupita njia ya kuzunguka. Ujumbe huwekwa kwenye foleni isiyo na msomaji na kupewa muda wa kuishi. Muda ukiisha, huhamishiwa foleni inayosomwa. Njia hii ina mtego. Ujumbe wenye muda wake binafsi huhamishwa pale tu unapofika mbele ya foleni, kwa hiyo ujumbe wa dakika 1 uliotanguliwa na ule wa saa 1 utangoja karibu saa nzima. Dawa yake ni kutenga foleni kwa kila kipimo cha muda.

Amazon SQS huruhusu kuchelewesha kwa dakika 15 tu. Kwa kazi za siku kadhaa, wengi huandika tarehe kwenye hifadhidata na kuikagua mara kwa mara.