Mke Anapotibiwa Ocean Road, Mume Yuko Wapi?

Asubuhi na mapema katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wanawake huketi kwenye mabenchi, kanga mabegani, wakisubiri zamu ya mionzi. Jengo la zamani la hapo, linalotazama Bahari ya Hindi, lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Wengi wa wanawake hao wana saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika ikiwa imeshasambaa. Ubavuni mwa mgonjwa utamkuta dada, binti au mama yake. Waume wapo, lakini mabenchi yangeweza kuwabeba wengi zaidi.

Si kila asiyeonekana amemtelekeza mkewe. Mionzi ya nje huchukua takriban wiki tano, siku tano kila wiki, mara nyingi pamoja na dripu ya kemo mara moja kwa wiki, kisha hufuata mionzi ya ndani. Kwa familia ya Kigoma au Mtwara, hiyo ni nauli, chumba cha kulala, na watoto wanaobaki na mtu. Lazima mmoja atafute hela. Hata hivyo wapo wanaoondoka kabisa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 515, wengi wao wa saratani. Pale aliyeugua alipokuwa mke, karibu ndoa 21 kati ya 100 zilivunjika. Alipougua mume, 3 tu.

Kwa saratani hii, kinachoichoma nyumba mara nyingi ni lawama. Daktari akishataja kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii na kuambukizwa kwa kujamiiana, swali la nani alikileta huanza hata kabla ya dawa. Swali hilo halina jibu. Kirusi huenea mno, watu wengi hukipata bila kujua, na saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitokeza. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, yaweza kuwa mitano hadi kumi. Huenda kiliingia kabla wawili hao hawajafahamiana. Mume anayelielewa hilo humwondolea mkewe mzigo ambao hakuna dawa inayoutua.

Kuna pia hofu ya kugusana. Saratani yenyewe haiambukizi. Mionzi ya nje haibaki mwilini, kwa hiyo mgonjwa anaweza kulala kitanda kimoja na mumewe, kukumbatiwa na kumbeba mtoto. Tendo la ndoa husubiri hadi daktari aseme, kwa kuwa uke huvimba, huuma na baadaye hubana. Mengi ya hayo yana tiba, lakini mke anaweza kuona haya kuyataja peke yake. Mume akiwepo, anaweza kuuliza yeye.

Nyumbani, mume ndiye jicho la kwanza. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa kemo si ya kusubiri asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Akitokwa na damu nyingi ukeni, vivyo hivyo.

Maumivu nayo yasiachwe yamkomeshe. Ugonjwa unapokuwa umefika mbali, wahudumu wa tiba shufaa hutoa mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne, si kungoja mpaka apige kelele. Wengi huiogopa kwa kudhani ni dawa ya kuhitimisha maisha au ya kumfanya mgonjwa awe teja. Ikitolewa kwa maumivu na kwa kipimo sahihi, haimuui wala haimgeuzi teja. Humpa usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kuzungumza na wanawe. Hufunga choo, basi aombewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Kuandika saa za dozi kwenye daftari ni kazi ambayo mume yeyote anaiweza.

Na mgonjwa asifichwe habari zake mwenyewe. Ndugu hukubaliana kumwambia kuwa ni vidonda tu, kumbe mwili wake unamweleza zaidi. Ana watoto wa kuwausia, shamba, na deni ambalo yeye tu analijua. Anyimwe muda huo kwa faida ya nani?

Kliniki ijayo, mume asibaki getini. Aingie chumbani na daftari, akae kando ya mkewe, aulize ugonjwa umefika wapi, tiba inalenga nini, na maumivu ya usiku yatatulizwa kwa dawa gani.