Fahamu: Mpaka uliomsumbua Jomo Kenyatta

Kenyatta Market, Nairobi, moshi wa nyama choma hupanda huku wasusi wakiita wateja. Mwenye jina hilo, Jomo Kenyatta, alikabiliwa na mzozo na jirani kabla Kenya huru haijatimiza wiki mbili.

Uhuru ulipatikana 12 Desemba 1963. Tarehe 25, serikali ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, ambako Wasomali wengi walitaka kujiunga na Somalia. Katika nyota ya bendera ya Mogadishu, ncha moja kati ya tano ilikuwa ya eneo hilo. Kenyatta alituma jeshi, akategemea pia mkataba wa ulinzi na Ethiopia ya Haile Selassie, iliyohofia pia kupoteza ardhi kwa Somalia. Mwaka 1964 mjini Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua mipaka ya wakoloni iheshimiwe, Somalia ikakataa. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia ndiye aliyezipatanisha Kenya na Somalia, Arusha, Oktoba 1967.

Yalikuwa mafanikio ya kidiplomasia. Lakini wafugaji waliokusanywa vijijini kwa nguvu, mifugo yao ikiangamia, hawakuwa na kiti mezani. Hali ya hatari iliondolewa 1991, miaka 13 baada ya Kenyatta kufariki.