Saa Moja Bila Mfuniko

Usifunike sufuria. Kwa mpishi wa Pwani agizo hili ni zito, maana tumelelewa tukijua kwamba mfuniko huokoa makaa na ndio unaoivisha wali. Lakini apikaye bia nyumbani ana saa moja ambayo mfuniko huwekwa kando, nayo ndiyo saa inayoamua kama bia itanyweka au itamwagwa: saa ya kuchemsha maji ya kimea.

Mimi ni Mduruma wa Kinango. Riziki yangu ni upishi wa hoteli huku Diani, na nyumbani kwangu Ukunda napika bia ya kunywa mimi na wenzangu wachache. Siuzi. Anayetaka kuuza aanzie ofisi ya kaunti, kwani chini ya Katiba ya 2010 leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Majirani zangu wengi ni Wadigo, Waislamu, kwa hiyo jiko langu liko uani nyuma ya ukuta, na mwezi wa Ramadhani haliwashwi.

Mjomba wangu ni mgema wa upande wa Msambweni. Siku aliyonikuta nimesimama juu ya sufuria la bia aliniuliza, "Mpwa wangu, pombe gani hii wapika kama maharage? Mnazi hauchemshwi." Kweli hauchemshwi, na hauna haja. Mgema akishapitisha kotama, utomvu hudondoka kwenye kibuyu ambacho chachu ya jana bado imo. Unashuka mtini kazi imeshaanza, jioni unanyweka, na ukiachwa siku chache unageuka siki. Bia haina haraka hiyo. Inakaa wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa, na shayiri hutoka shambani na vijidudu vyake kwenye maganda. Usipoviua mapema, vitakula sukari kabla ya hamira yako.

Kwa asiyejua, kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaota, kisha ikakaushwa. Hupondwa, ikatiwa katika maji ya moto ya nyuzi 65 hadi 68, ikatulia kama saa moja. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya nafaka hugeuza wanga kuwa sukari. Ukichuja unapata maji matamu ya rangi ya kahawia. Hayo sasa ndiyo yanayopanda jikoni.

Dakika za kwanza ni za hatari, na mtu asibanduke pale. Maji yakikaribia kuchemka, protini za nafaka hupanda juu kama povu zito, na kwa kufumba na kufumbua povu limefurika, limezima moto na kugandisha sukari kwenye jiko zima. Mimi hutumia sufuria la lita 30 kwa maji ya lita 23, ili povu lipate nafasi. Punguza moto, koroga kwa mwiko mrefu, nyunyizia maji baridi kidogo. Baada ya dakika chache povu hushuka lenyewe, na ukichungulia utaona vipande vinaelea kama tui lililokatika. Kwenye mchuzi wa nazi hilo ni balaa. Hapa shangilia, kwa sababu protini zilizoshikana hivyo ndizo zingetia bia ukungu.

Sasa pandisha moto mpaka maji yatokote kwa nguvu, yajipindue toka chini hadi juu. Kufukuta pembeni tu hakutoshi. Kimea cheupe kina kitu ambacho kikipata joto hutoa kemikali ya salfa yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi iliyoiva kupita kiasi. Kemikali hiyo ni nyepesi mno, hupaa na mvuke. Ukifunika, mvuke hugonga mfuniko, hugeuka matone na kurudi sufuriani na harufu yake yote. Nimeonja bia za namna hiyo, mwenyewe akilaumu hamira, kumbe kosa ni mfuniko. Chemsha wazi dakika 60 kamili, na kama kimea ni cheupe sana, 90. Maji yatapungua lita mbili au tatu, nayo ni hesabu ya kufanya kabla ya kuwasha jiko.

Na hapa watu wa Pwani tumependelewa. Ufukweni maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na kila kitu ndani ya sufuria huenda polepole zaidi, hata uchungu wa hopi. Hopi ni ua la mtambaazi wa nchi za baridi, na uchungu wake hauingii kwenye maji vivi hivi. Utomvu wake hubadilika taratibu katika maji yanayotokota. Hopi ya uchungu huingia mwanzoni mwa ile saa. Ya harufu huingia dakika kumi za mwisho, maana mafuta yake hukimbia na mvuke.

Maji yetu nayo yana tabia yake. Visima vya Diani na Tiwi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ndiyo maana birika za huku huota utando mweupe wa chokaa. Chokaa hiyo huufanya uchungu wa hopi ukwaruze koo. Mimi huyachemsha maji matupu siku moja kabla, nikayaacha yatulie usiku kucha, asubuhi nikateka ya juu na kuacha chokaa chini.

Jambo linalonifurahisha kuliko yote liko Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako akina mama hulima mwani baharini. Wapishi wa bia wa Ulaya kwa miaka mingi wametia mwani mwekundu wa pwani za Ireland kwenye sufuria ili bia ing'ae. Kinachofanya kazi ni karajinani, utomvu wa mwani unaozinasa protini na kuzizamisha. Mwani wa Kibuyuni unayo karajinani, na aina inayoitwa cottonii ina ile hasa inayofaa kazi hii. Loweka kijiko kidogo cha mwani mkavu usiku kucha kwenye maji baridi, usuuze chumvi na mchanga, utie dakika 15 kabla ya kuzima moto. Kuagiza unga wa mwani kutoka ng'ambo hali upo Kibuyuni ni jambo linaloniuma.

Ukizima moto, mbio zinaanza. Ile kemikali ya salfa huendelea kutengenezwa maji yakiwa moto, na yakipoa vijidudu vinakaribishwa. Maji ya bomba huku ni vuguvugu mwaka mzima, hayatoshi peke yake. Weka sufuria ndani ya beseni kubwa, zungushia maji ya bomba, uyabadilishe mara mbili tatu, halafu mimina barafu kwenye beseni. Barafu ya wauza samaki inafaa mradi isiingie sufuriani. Hapa sasa mfuniko urudi, hasa msimu wa maembe, kwa sababu nzi wadogo wa matunda hubeba vijidudu vya siki miguuni. Joto likishuka chini ya nyuzi 25, hamisha maji safi kwenye chombo kilichooshwa kwa dawa, acha machicha chini, tia hamira.

Mabaki ya kimea wape kuku na mbuzi, watakushukuru. Machicha yenye hopi yafukie mbali. Mbwa akiyala, joto la mwili wake hupanda ghafla na anaweza kufa siku hiyo hiyo.